Dirisha la Ghorofani

Barua ilikuja na theluji ya mwisho, bahasha ya kahawia,
jina langu limekosewa herufi moja, kama kawaida yao:
Bwana Onni Lahtela, wewe ni biashara.

Niliisoma nimesimama, buti zikichuruza maji sakafuni.
Biashara!
Mimi, fundi mstaafu wa vichwa vya treni za madini,
mwenye goti la chuma na paka mmoja kiziwi.
Biashara yangu ni vyumba viwili juu ya kichwa changu
na nyayo za Kazoua Lor akirudi zamu ya usiku,
anavua viatu ngazini ili nisiamke.
Huwa niko macho. Sijawahi kumwambia.

Yeye hunilipa kodi, nami nadaiwa kodi:
neno moja, mifuko miwili,
na wa katikati ndio wangu, umetoboka.

Fomu ilikuwa na kurasa sita.
Jina la biashara? Nikaandika: Juu.
Idadi ya wafanyakazi? Kalamu ikasita.
Helmi ndiye aliyepaka rangi kule, kiangazi chake cha mwisho,
kitambaa kichwani, redio ikikwaruza,
akapaka kuta, akapaka milango, akapaka fremu za madirisha
mikono mitatu ya rangi ya maziwa.
Nikaandika: mmoja. Nikafuta. Nikaandika: hakuna.

Manispaa nilipanga foleni nyuma ya muuza soseji
na kijana anayechora tatuu.
Karani akauliza, "Unapangisha nyumba ngapi?"
"Nusu," nikasema. Hakucheka.
Akagonga muhuri, akanipa risiti na tarehe ya mkaguzi.
Ada ile ingenunua mafuta ya kupasha nyumba wiki tatu.
Nilinung'unika njia nzima, na nilipofika nikamnung'unikia paka.

Bi Tollefson alikuja Jumanne, mwembamba kama rula,
kila kiatu amekivisha mfuko wa plastiki.
Akabonyeza king'ora cha moshi: kimya.
Betri yake nilijua iliko,
imo ndani ya rimoti yangu tangu msimu wa hoki.
Nikaitazama dari kama mgeni.
Akaingia chumba cha kulala, akashika dirisha, akasukuma.
Akasukuma tena, kwa bega.
"Halifunguki," akasema. "Moto ukianzia ngazini, atatokea wapi?"

Nikamgeukia Kazoua. Alikuwa mlangoni na sare ya hospitali,
macho mekundu kwa usingizi tuliomnyang'anya.
"Tangu lini?"
"Tangu nihamie."
Viangazi vitatu chini ya paa la lami,
na ile feni ndogo niliyoisikia ikilia usiku kucha
nikadhani anaipenda sauti yake.
"Mbona hukuniambia?"
Akavitazama vidole vyake.
"Kodi yako ni nafuu," akasema.

Kwenye kurasa zote sita hapakuwa na kisanduku cha jibu hilo.

Karatasi ya manjano ilinipa siku kumi na nne.
Sikungoja ya pili. Nilipanda na kisu cha kukatia zulia,
nikapitisha ncha kwenye mshono, polepole,
rangi ikatoka kwa utepe mrefu, mweupe,
na ndani yake unywele mmoja,
wa brashi, au wake, sijui.
Sikuutupa. Upo kwenye kopo la misumari.
Nilipoipiga fremu kwa ngumi, dirisha lilipiga ukelele
kama mtu aliyeguswa jino bovu, kisha likapanda.
Upepo wa ziwa ukaingia bila hodi, unanuka barafu na dizeli.

Leseni ilifika Mei. Inatakiwa ibandikwe mahali pa wazi.
Nimeibandika ngazini, imepinda kidogo.
Jina la biashara: Juu.
Jina la mwenyewe: herufi ileile, imekosewa.
Betri nimenunua nne. Kodi sijaigusa.
Alfajiri nasikia dirisha likipanda,
halafu kimya, kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili.

Jana nilimwambia apite na viatu vyake, mimi huwa macho.
Akaitikia kwa kichwa.
Leo kavivua tena.